Mzinga wa Kumi na Moja

Jumatatu, 8 Septemba

Daftari hili nilipewa na wenzangu siku niliyostaafu, pamoja na ua la chungu ambalo limeshakufa. Miaka thelathini na nane nimekaa mapokezi ya hospitali nikiongea na watu kutwa. Sasa nyumbani nina mtu mmoja tu wa kuongea naye, mdogo wangu Gradus, naye maneno kumi kwa siku yanamtosha. Ukimzidishia, anaondoka kwenda kukaa na nyuki wake. Basi nitaongea na karatasi.

Leo wale waliohamia nyumba ya mwisho ya njia yetu wamekuja kujitambulisha. Wanatoka mijini huko magharibi mwa nchi, kwa hiyo wakagonga mlango wa mbele, maskini. Hapa Esbroek mlango wa mbele ni wa bibi harusi akiingia na jeneza likitoka. Wengine wote tunapita nyuma, jikoni. Mlango wetu wa mbele haujafunguliwa tangu tumtoe baba, na nyuma yake kuna magunia ya viazi, baiskeli ya huyohuyo baba, na makreti ya mitungi ya asali. Ikabidi nipige kelele kupitia tundu la barua: "Zungukeni nyuma, wapendwa! Nyuma!"

Mke anaitwa Marlies, mume Jasper. Watu wazuri, wanacheka upesi.

"Na kaka yako yuko wapi?" Marlies akauliza. "Tumesikia anafuga nyuki."

"Yuko shambani," nikasema. "Kazi zimemzonga."

Hakuwa shambani. Walipogonga alikuwa ameketi mezani, na kikombe chake kilikuwa bado kinafuka moshi. Saa nzima na robo waliyokaa, yeye alikuwa bandani nyuma ya trekta. Ana miaka sitini na moja. Uongo huu wa shambani nimeusema tangu akiwa na miaka saba, na siku hizi unanitoka wenyewe kama chafya.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua. Viazi vimebaki ardhini.

Jumapili, 14 Septemba

Gradus anatafuna upande mmoja. Nikamwambia, "Nenda kwa daktari wa meno."

"Daktari wetu amestaafu."

"Najua. Si kuna mwingine?"

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kuna nyoka chooni. "Kuna mwingine."

Anaweka karafuu kwenye jino hilo tangu Machi. Jikoni kwetu pananukia biskuti za Desemba miezi sita sasa.

Jumatano, 24 Septemba

Nimevuka barabara kumsafishia Dieka madirisha. Wiki ijayo anatimiza tisini na moja. Mumewe Antoon alikufa zamani, na watoto hawakupata. Moyo wake umechoka. Daktari amesema huenda asiuone mwaka mpya. Habari hiyo aliniambia mwenyewe, huku akinionyesha kwa kidole pembe ya kioo niliyoiruka.

Mlango wetu ndio ulio karibu zaidi na wake, kwa hiyo sisi ni jirani wa kwanza. Kwetu jirani wa kwanza hachaguliwi kwa kupendana, zinahesabiwa hatua. Ng'ombe akishindwa kuzaa unamwita yeye, na siku ukifa ni yeye anayepita nyumba kwa nyumba kutangaza. Anasimama mlangoni, kofia mkononi, anasema maneno yaleyale waliyosema babu zetu. Wenye nyumba wanajibu, "Tumesikia," na yeye anakwenda nyumba inayofuata. Haingii, haketi, hanywi kahawa. Watu wa njia nyingine siku hizi wanatuma kadi au ujumbe wa simu. Sisi bado.

Nimeshaamua kimoyomoyo kwamba nitapita mimi. Jirani wa kwanza ni nyumba, si mtu, na mdomo wa nyumba hii ni mimi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Siku ya kuzaliwa ya Dieka. Viti vilipangwa duara sebuleni kama kawaida, na kila anayeingia anazunguka duara lote akimpa kila mtu mkono na kumpongeza, hata binamu aliyekuja kwa sababu ya keki tu. Jasper hakujua. Aliinua mkono mlangoni, akasema, "Hongereni nyote!" akaketi. Mama mmoja aliuangalia mkono wake mwenyewe uliokuwa umeshanyooshwa, akaurudisha mapajani. Maskini Jasper atasimuliwa hapa mpaka wajukuu wake.

Miaka yote Dieka alikuwa akimwekea Gradus kiti jikoni, peke yake, na kipande cha keki. Mwaka huu Gradus hakwenda jikoni. Aliingia sebuleni. Sikuamini macho yangu. Akaanza duara, mkono wa kwanza, wa pili, shingo nyekundu, jasho linamtiririka nyuma ya masikio. Alifika hadi wa sita. Wa saba alikuwa Marlies.

"Oo, wewe ndiye mwenye nyuki!" Marlies akasema kwa furaha, hajamwachia mkono. "Una mizinga mingapi?"

Gradus akafungua mdomo. Nikaona anahangaika, nikaona watu wanangoja, na mimi kutoka upande wa pili wa duara nikapaza sauti: "Kumi na moja! Yote mizima!"

Akafunga mdomo. Akautoa mkono wake polepole, akatoka.

"Gradus kaenda kuhesabu ng'ombe!" akasema jirani yetu Hennie Leferink, ambaye hajawahi kuacha mzaha upite bila kuupanda. "Na hana ng'ombe!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lazima niandike ukweli. Dieka peke yake hakucheka. Nilidhani angemkaripia Hennie, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Dieka alituita wote wawili. Alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni, ameshachana nywele.

"Gradus," akasema, "nikifa, nataka upite wewe."

Mimi nikawahi. "Mama Dieka, usijali hayo, nitapita mimi. Unamjua Gradus, yeye hawezi..."

"Nimekuita wewe Gradus?"

Nikaunyoosha ukingo wa shuka.

"Antoon alipokufa," Dieka akaendelea, macho kwa mdogo wangu, "nani aliwaambia nyuki wake?"

"Mimi," Gradus akasema.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Uligonga kila mzinga, ukawaambia bwana wao amekufa. Nilikuwa dirishani. Hukuruka hata mmoja. Na hawakuhama kama nyuki wasioambiwa, si ndiyo? Wewe ndiye ulibaki nao." Akapumzika kidogo. "Dada yako Truida akipita kusema nimekufa, watu watapata habari. Wewe ukipita, watajua nimekufa."

Mimi huyo! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote ya kumfulia mapazia, halafu naambiwa mdomo wangu ni redio. Nikaanza kuhesabu maua ya pazia. Kisha Gradus akasema, "Sawa."

Tulipokuwa tunavuka barabara alishika mlingoti wa sanduku la barua, akatapika. Nikamshika mgongo, nikamwambia kwamba Dieka hataona, mimi nitapita, na hakuna atakayejua. Akafuta mdomo kwa kiganja.

"Nimesema sawa, dada."

Jumanne, 7 Oktoba

Hajala.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua siku ya nne. Tulikuwa tunachambua maharage, naye akaanza kuongea mwenyewe. Naandika upesi kabla sijasahau, maana jambo hili halitokei mara mbili kwa mwaka.

"Unajua ikoje?" akasema. "Mtu mpya akinitazama, nahisi kama nimetoka bila suruali. Najua nimevaa. Lakini hata nikijishika kiunoni nikaiona ipo, siamini."

Nilicheka, naye akatabasamu kidogo.

"Na sisi tunaokujua?"

"Ninyi mmeshanizoea bila suruali."

"Na simu?"

"Kwenye simu nahisi hivyohivyo, na tena siwaoni wanaonicheka."

Nikataka kumwambia kwamba hakuna anayemcheka. Nikakumbuka duara la Dieka, nikaendelea na maharage.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma kwa majira ya baridi. Saa kumi na mbili jioni ni giza.

Mchana, kabla ya giza, nilimfuata Gradus kwenye mizinga kumwita aje kula. Nikasikia sauti ya mwanamume anayeongea, nikadhani ana mgeni, na kwa jinsi nilivyoshangaa nikajificha nyuma ya ua wa miti. Ndiyo, mimi nilijificha.

Hakuwa na mgeni. Alikuwa amesimama mbele ya mzinga wa kwanza, kofia mkononi. Aligonga kwa kidole, taratibu, mara tatu. Akasema, "Leferink. Nimetumwa na Dieka wa nyumba ya Wolterink. Ametutoka..." Hapo akakwama. Akavaa kofia, akarudi hatua tano, akaja tena, akavua kofia, akagonga.

Mzinga wa pili akauita kwa jina la nyumba ya pili. Kila mzinga, nyumba moja, kwa mpangilio wa njia yetu. Kwenye baadhi alimaliza maneno yote, kwenye mingine alikwama. Nilisimama miguu ikafa ganzi. Kwenye mzinga wa mwisho, wa kumi na moja, alikaa kuliko kote. Alivua kofia, akagonga, na hakusema neno hata moja. Alisimama tu, mpaka akavaa kofia na kuja nyumbani.

Nikatangulia kwa kukimbia, nikajitia naonja supu. Nyumba za kuambiwa ni kumi, kwa hiyo kuna mahali amekosea hesabu. Wa mwisho bila shaka ni Marlies na Jasper. Kuwakabili wale wageni ndiko kunakomziba koo.

Jumatatu, 27 Oktoba

Ameenda tena kwenye mizinga.

Jumanne, 28 Oktoba

Ameenda tena. Nimemwambia, "Utawasumbua nyuki na baridi hii." Akasema anagonga polepole.

Jumanne, 4 Novemba

Leo alichukua mtungi wa asali, akasema anakwenda kwa wale wapya. Nilipanda chumba cha juu, maana kutoka dirisha lile njia inaonekana mpaka mwisho. Alikwenda mpaka kwenye geti lao, akarudi mpaka kwa Leferink. Akaenda tena, akarudi. Mara ya tatu aliuweka mtungi juu ya nguzo ya geti, akageuka, na jinsi alivyotembea nyumbani ungedhani ameiba.

Zamani ningesema ameshindwa. Leo nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikawaza: mimi katika maisha yangu ni kitu gani kiliwahi kunitisha hivyo, na nikakiendea mara tatu kwa siku moja? Sikupata.

Alipoingia nikamwuliza tu kama kuna upepo.

Jumatano, 5 Novemba

Marlies alikuja na mtungi mtupu umeoshwa, akagonga mlango wa nyuma. Amejifunza. Gradus alikuwa bandani. Mdomo wangu ulishakuwa tayari kusema "shambani", nikalimeza neno. Nikasema, "Yupo. Watu wapya wanamwia vigumu." Kusema kweli nilijisikia nimemvua nguo. Lakini Marlies aliitikia kwa kichwa tu, akasema, "Mwambie asali ni tamu. Hahitaji kunijibu."

Nilimwambia. Akauliza kama Marlies amesema hivyohivyo, kwamba hahitaji kumjibu. Nikasema ndiyo. Akaonekana kama mtu aliyepewa kiti.

Jumatano, 12 Novemba

AMEKWENDA KWA DAKTARI WA MENO. Mpya, mwanamke, kijana. Aliomba miadi kwa barua! Barua yenye stempu! Nilijua baada ya kumwona anavaa shati la kanisani siku ya Jumatano. Nikasema nitamsindikiza, akakataa. Akaenda kwa baiskeli kilomita saba kwenye manyunyu.

Alirudi na shavu limevimba kama mkate, jino mfukoni, limefungwa kwenye karatasi.

"Alikuuliza nini?" nikamwuliza.

"Aliniuliza kwa nini nimechelewa hivyo."

"Ukamwambia nini?" Kisha, kwa mazoea, "Ulimwambia ulikuwa na kazi nyingi, eti?"

"Nilimwambia nilimwogopa yeye." Aliketi, bado na koti. "Akasema wengi wanaogopa sindano. Nikasema, sindano siogopi."

Nimefanya kazi na madaktari karibu miaka arobaini, na sijasikia mgonjwa aliyesema kitu cha kishujaa kama hicho. Nimempikia uji. Sikumwambia hivi, lakini naandika hapa: ninamstahi mdogo wangu. Ameishi nami nyumba moja miaka sitini na moja, na nimeanza kumstahi Novemba hii.

Ijumaa, 21 Novemba

Ukungu. Dieka hashuki tena kitandani. Tunakaa naye kwa zamu.

Jumapili, 30 Novemba

Leo majirani wameanza kupuliza zile baragumu ndefu za mti, wakiinamia visima ili sauti ifike mbali, kama kila mwaka kuelekea Krismasi. Sauti ilitoka kwa Leferink, ikajibiwa kutoka ng'ambo ya shamba. Dieka aliomba tufungue dirisha. Gradus akafungua, akamfunika mpaka kidevuni.

"Bado unazigonga nyumba zako?" Dieka akamwuliza. Kumbe alikuwa akimwona kutoka kitandani, kupitia pembe ileile ya kioo niliyoiruka Septemba na kurudi kuifuta.

"Kila siku."

"Zote zinafunguka?"

"Kumi zinafunguka," Gradus akasema. "Moja bado."

Dieka akanitazama, akafumba macho. Nikadhani amechoka.

Jumatano, 10 Desemba

Dieka amefariki leo saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa zamu yangu. Alipumua, nikangoja pumzi nyingine, haikuja. Nikamfumba macho, nikavuka barabara kumwamsha Gradus. Alikuwa ameshavaa, amekaa jikoni, kana kwamba ameitwa.

Alikwenda kumuaga. Daktari akaja, akaondoka. Mchungaji tukakubaliana naye mazishi yawe Jumatatu. Saa mbili Gradus aliketi kwenye benchi la ukumbini kuvaa viatu vyake vyeusi, na nikaona kamba inakataa kupita tunduni. Alijaribu mara nne. Uso ulikuwa mweupe kama ukuta.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Niliingia jikoni, nikachukua simu, nikaandika kwenye kundi la majirani: *Dieka ametutoka alfajiri ya leo. Mazishi ni Jumatatu saa nne asubuhi. Gradus hajisikii vizuri, kwa hiyo hatapita. Truida.* Nikabonyeza. Nilihisi nimemshushia mtu mzigo mgongoni. Miaka yote nimekuwa nikihisi hivyo, na kila mara nikauita upendo. Upendo ulikuwemo, lakini haukuwa peke yake. Nilipenda pia kuwa mdomo.

Simu ikaanza kulia, nyumba moja baada ya nyingine. Nikatoka kwenda ukumbini kumwambia avue viatu. Hakuwapo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwenye umande ulioganda nyayo zake zilikuwa zinaelekea kwa Leferink.

Nikajua nimefanya nini. Mtu amejiandaa miezi miwili kusema neno moja, na mimi nimelisema kabla yake, kwa kidole gumba. Sasa kila mlango utafunguliwa na mtu anayejua tayari. Watamwambia, "Ah, tumeshaona kwenye simu, Gradus, pole, nenda kapumzike." Mara kumi. Na Hennie Leferink ndiye wa kwanza, Hennie yule wa ng'ombe.

Nikapanda juu dirishani kwangu, lakini ukungu ulikuwa umefunika njia yote. Sikuona hata sanduku la barua.

Saa tatu na nusu Hennie aliingia jikoni bila kugonga, kofia mkononi. Sijawahi kuona kichwa chake bila kofia, ana upara.

"Truida," akasema, "wewe una akili?"

"Sina."

"Ona." Akanionyesha simu yake. Dakika moja tu baada ya ujumbe wangu, Hennie alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: *HAKUNA ALIYESIKIA KITU. GRADUS YUKO NJIANI, NAMWONA GETINI KWANGU. HATUJUI LOLOTE MPAKA ATAKAPOTUAMBIA.* Chini yake nyumba zote zilikuwa zimejibu: sawa, sawa, sawa. Hata Jasper: *Sawa. Mlango upi?*

Nikalia. Hennie aliangalia dari.

"Alifika," akasema. "Akagonga mara tatu. Mimi na mke wangu tukasimama. Akavua kofia, akaanza, akakwama kwenye 'ametutoka'. Nikataka kumsaidia, wallahi neno lilikuwa mdomoni. Mke wangu akanikanyaga kidole cha mguu. Tukangoja. Akamaliza, Truida. Yote, na saa, na siku, na kwamba mimi ni mmoja wa wabebaji wa jeneza. Tukasema, 'Tumesikia.' Na mimi nilikuwa nimeshasoma kwenye simu, lakini ndipo nikajua kwamba Dieka amekufa." Akavaa kofia. "Ule utani wa ng'ombe sitaurudia."

Akaondoka. Baadaye Marlies alinitumia ujumbe wa sauti. Kwao Gradus alikwenda mlango wa nyuma, wao walikuwa wamesimama kwenye wa mbele, ikabidi wapite nyumba nzima mbio. Alisema maneno yake. Walitakiwa kujibu "Tumesikia" na basi. Lakini Marlies, kwa kutojua, akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani? Sikupata muda wa kumjua."

Swali hilo halipo kwenye maneno ya babu zetu. Mzinga hauulizi. Marlies anasema Gradus alishika kofia kwa mikono miwili, akatazama chini muda mrefu mpaka Jasper akaanza kujikohoza. Kisha akasema, "Alikuwa ananiwekea kiti jikoni." Na akaendelea. Akawaeleza habari za Antoon, za nyuki, za madirisha. Robo saa, kwenye baridi, mlangoni kwa watu wapya. Mwishoni Marlies akamwomba wapeane mkono, naye akampa.

Nilikuwa bado nasikiliza sauti hiyo mara ya pili niliposikia kugongwa. Mara tatu, taratibu. Nikafungua mlango wa nyuma. Hakuna mtu. Kukagongwa tena, na ndipo nikaelewa ni mlango wa mbele.

"Zunguka nyuma!" nikasema kupitia tundu la barua. "Gradus? Kuna magunia hapa!"

Hakuzunguka. Niliona viatu vyeusi tu, na ncha ya koti.

Basi nikayavuta yale magunia ya viazi moja moja, nikaitoa baiskeli ya baba ikanichana soksi, nikasukuma makreti ya asali kwa kiuno. Ilinichukua robo saa na alingoja yote. Kitasa kilikuwa na kutu, nikakipiga kwa nyundo. Mlango ukafunguka ukilia, ukungu ukaingia sebuleni.

Alikuwa amesimama mbali hatua moja, kofia mkononi, nywele zimeganda.

"Gradus," nikasema, "nisamehe, ule ujumbe nilioutuma nilidhani..."

"Niliisikia simu nikiwa natoka. Najua." Akameza mate. "Dada, bado sijamaliza."

Nikafunga mdomo.

Ndipo nikaujua mzinga wa kumi na moja ulikuwa wa nani. Nyumba yetu nayo ni nyumba ya njia hii. Kumi zilifunguka. Uliomziba koo miezi yote ile haukuwa wa wale wageni.

"Truida," akasema. Akakwama. Nililijua neno linalofuata, nilijua yote mpaka mwisho, yalikuwa yamenijaa mdomoni kama maji. Nikashika fremu ya mlango. Ukungu ukapita. Baragumu ililia mbali, ikanyamaza. Yeye bado anatafuta, macho yake kwangu, hayakushuka.

"Nimetumwa na Dieka wa nyumba ya Wolterink," akasema. "Ametutoka leo, saa kumi na moja alfajiri. Tutamzika Jumatatu, saa nne. Nyumba hii imeombwa kuja kumsindikiza."

Nikasema, "Tumesikia."

Jumatatu, 15 Desemba

Tumemzika Dieka. Alitoka kwa mlango wa mbele, Gradus akiwa upande wa kushoto, Hennie kulia. Nje ya kanisa mpwa wa marehemu Antoon, mtu tusiyemjua, alimjia Gradus na kumwuliza jambo. Nilikuwa nimesimama palepale. Ilichukua muda. Nilingoja nao mpaka alipojibu.